Kutoka Mafia hadi Manda: Rekodi za Viwanja vya Mbele na Mama Yao wa Eastleigh

Barabara ya Juja haina subira. Matatu hupiga honi, mkokoteni hupenya, mama mboga hupanga sukuma wiki hatua mbili tu kutoka kwenye magurudumu. Nyuma ya zogo hilo kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna kitu adimu kabisa katika Eastlands, nacho ni nafasi. Nyasi zimekatwa, na ukanda mrefu wa lami umelala juani bila hata kibanda kimoja juu yake. Mathare iko upande mmoja, Kiambiu upande mwingine, nayo maghorofa ya Eastleigh yanachungulia ndani. Hiyo ndiyo Kambi ya Wanahewa ya Moi.

Wengi wetu tumeijua kambi hiyo kwa mngurumo wa helikopta na kwa hadithi za jaribio la mapinduzi la 1982. Lakini kwa zaidi ya miaka 80 imekuwa kitu kingine pia: kituo mama. Ndege za kijeshi zilitengenezwa hapo, zikajazwa mafuta, kisha zikatumwa kwenye viwanja vidogo vilivyo karibu na vita. Viwanja hivyo ndivyo wanajeshi huviita vituo vya mbele. Maana yake ni rahisi. Ndege ya kivita ni mlafi wa mafuta. Ikitoka mbali, hufika ikiwa na dakika chache tu za kazi. Ukiusogeza uwanja, umeiongezea ndege muda. Ukiuhamisha kila mara, adui hajui aupige wapi.

Majeshi makubwa ya leo huyazungumza haya kama maarifa mapya. Afrika Mashariki iliyaona tangu 1914. Zifuatazo ni rekodi za vituo hivyo, kubwa na ndogo, za fahari na za aibu, zote zikiwa na uzi unaozirudisha Eastlands.

1. Cha kwanza: Niororo na Mafia, 1914 na 1915

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, huko Zanzibar. Kisha ikatoweka. Ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo darubini ya baharini haifiki. Ilihitajika jicho la juu.

Waingereza walimpata rubani wa kiraia huko Durban, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege aina ya Curtiss yenye kutua juu ya maji. Wakampa kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia, kiwe kiwanja chake. Hapakuwa na karakana wala bohari ya vipuri. Novemba aliruka, akaiona meli. Desemba ndege yake ikaanguka deltani naye akatekwa. Hicho ndicho kituo cha mbele cha ndege za kijeshi cha kwanza katika eneo letu: mtu mmoja, ndege moja na kisiwa.

Mwaka uliofuata Waingereza waliiteka Mafia, wakafyeka uwanja na kuleta ndege nyingine. Ndege hizo zilikufa hata bila kupigwa risasi, kwa kuwa joto na unyevunyevu wa pwani viliachanisha gundi na kupinda mbao. Zilizosalia zilitosha. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walikuwa juu ya delta wakiielekeza mizinga ya Severn na Mersey, meli zilizokuwa zikipiga shabaha zisiyoiona. Ndege yao ikapigwa na injini ikazimika. Cull akawa anaishusha taratibu kuelekea majini, huku Arnold akiendelea kutuma ishara za kusahihisha shabaha mpaka dakika ya mwisho. Wote wawili walinusurika. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

2. Injini iliyobeba mizigo mingi zaidi: bega

Kutoka Mafia vita vya angani vilihamia bara: Maktau huko Taita, kisha Mbuyuni mwaka 1916, halafu kusini zaidi kadiri majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalivyosonga ndani ya Tanganyika. Kila uwanja mpya ulihitaji mafuta, risasi, chakula, maji na watu wa kufyeka. Malori yalinasa matopeni. Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni binadamu.

Kenya pekee ilitoa zaidi ya watu 150,000 waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo, wengi kwa kulazimishwa. Makumi ya maelfu hawakurudi, nao waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu kuliko na risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalitafuna jina hilo, Dar es Salaam ikapata Kariakoo na Nairobi ikapata Kariokor. Kwa hiyo ukila nyama choma Kariokor Jumamosi, unakula ndani ya jina la jeshi lisilokuwa na bunduki. Hakuna ndege iliyoruka upande huu wa dunia miaka ile bila mgongo wa mtu kuinama kwanza.

3. Kituo mama kilichodumu zaidi: Eastleigh, 1940 hadi leo

Kambi ilifunguliwa mwaka 1940, Italia ilipoingia vitani na mpaka wa kaskazini ukawa mstari wa mbele. Mwanzoni iliitwa RAF Nairobi. Mwaka huohuo sehemu ya kijeshi ikawa RAF Eastleigh. Baada ya uhuru ikawa kambi ya Jeshi la Wanahewa la Kenya, lililoundwa tarehe 1 Juni 1964. Baadaye ikapewa jina la Rais Moi. Majina manne, uwanja uleule.

Kwa miaka mingi raia na wanajeshi waliitumia pamoja. Shirika la East African Airways lilianza safari zake tarehe 1 Januari 1946 likiwa na makao hapo. Ndege kubwa za Lancaster za kikosi cha 82 nazo ziliondokea hapo baada ya vita, hazikubeba mabomu bali kamera, zikipiga picha za kutengenezea ramani za Afrika Mashariki. Ramani nyingi ambazo mawakili na wapima ardhi waligombania baadaye zilianzia kwenye picha za namna hiyo.

Ina pia rekodi ya abiria. Tarehe 1 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alitua Eastleigh kwa ndege ya BOAC. Tarehe 6 aliondoka Kenya kupitia Nanyuki na Entebbe akiwa tayari malkia, kwa kuwa baba yake alifariki usiku ule alipokuwa kwenye hoteli ya Treetops. Sijui uwanja mwingine wa mtaani uliopokea mgeni wa cheo kimoja ukamsikia akiondoka na kingine ndani ya siku sita.

4. Kilichohama kwa kasi zaidi: kampeni ya 1941

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na siku chache baadaye ndege zake zilikuwa zimeupiga uwanja wa Wajir. Waingereza wakajipanga kwa miezi kadhaa. Ndege nyingi zilizowasaidia zilikuwa za Afrika Kusini, zikiwemo za kivita aina ya Hurricane.

Mwaka 1941 mambo yakafunguka kama maji ya gharika. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ni siku 51 kutoka mji wa kwanza hadi wa mwisho. Ndege za kivita zisingeweza kuwafuata askari wa miguu zikiwa zimebaki Kenya, kwa hiyo viwanja vilihama pamoja nao. Leo mafundi wanakunja mahema Garissa, kesho wanayakunjua Somalia, kesho kutwa wako Ogaden. Uwanja ulikuwa ni nchi tambarare, mawe yaliyoondolewa kwa mkono na mafuta yaliyomiminwa kutoka kwenye madebe.

Hapo pana jambo la kujivunia kwa mtu wa Eastlands. Debe, chombo kilekile kilichokuja kutupimia mahindi Gikomba na kutujengea kuta za vibanda, ndilo lililokuwa pampu ya mafuta ya vita vya dunia. Galoni nne, mpini wa waya, na foleni ya watu.

5. Kiti kilichojaa zaidi: Dire Dawa, 15 Machi 1941

Hurricane ina kiti kimoja. Tarehe 15 Machi 1941 Kapteni John Frost wa Afrika Kusini aliushambulia uwanja wa Dire Dawa, Ethiopia, ndege yake ikapigwa, akalazimika kutua kwenye uwanja mdogo wa adui uliokuwa jirani. Mwenzake Bob Kershaw akafanya jambo ambalo hakuna kitabu cha mafunzo kingelikubali: alitua kando yake. Frost alikimbia, akaingia na kumkalia mwenzake mapajani. Mmoja akashika usukani, wakaruka huku wenzao wakiwazuia Waitaliano kwa risasi kutoka juu.

Kershaw alipata nishani ya DSO. Frost alitoweka vitani Afrika Kaskazini mwezi Juni 1942, akiwa mmoja wa marubani wa Afrika Kusini walioangusha ndege nyingi zaidi. Manamba wetu hupenda kusema gari halijai. Kershaw aliwatangulia.

6. Kilicho karibu zaidi na shabaha: Mweiga, 1953

Rekodi hii haina kicheko. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Serikali ya kikoloni ilitaka ndege za kuwapiga, lakini ndege za jeti zilikwenda kasi mno juu ya msitu mnene. Ikachukua ndege za mafunzo aina ya Harvard zilizokuwa Rhodesia ya Kusini, ikazifunga bunduki na mabomu madogo ya ratili 20, takriban kilo 9 kila moja, ikaziunda kikosi kidogo kilichoitwa Flight 1340.

Kituo mama kilikuwa Eastleigh, lakini Harvard ni ndege ya polepole. Kwa hiyo zilisogezwa hadi uwanja mdogo wa Mweiga, karibu na Nyeri, chini ya Nyandarua. Kutoka hapo rubani aliuona msitu karibu mara tu alipoinua magurudumu. Kwa hesabu ya umbali, sikijui kituo cha mbele katika Kenya kilichokuwa karibu zaidi na shabaha yake. Kwa hesabu nyingine pia kilikuwa karibu: watu waliokuwa wakipigwa walikuwa wana, waume na ndugu za watu waliokuwa wakiishi vijijini humohumo.

Leo wataalamu wa kijeshi huisifu Sweden kwa ufundi wa namna hii. Ndege yao ya Gripen ilibuniwa kutua kwenye kipande cha barabara cha mita 800 hivi, na kundi dogo la vijana wa jeshi huijaza mafuta na silaha kwa muda wa dakika kumi. Wanajitayarisha dhidi ya jirani mwenye nguvu kuliko wao. Mweiga ilikuwa kinyume chake: mwenye nguvu ndiye aliyejisogeza karibu, na mnyonge hakuwa na hata ndege moja.

7. Mzigo mzito zaidi: Lincoln za Eastleigh

Harvard zilionekana ndogo, na Novemba 1953 zikaletwa ndege za Lincoln kutoka Uingereza. Ilikuwa ndege ya injini nne, upana wa mabawa zaidi ya mita 36, iliyobuniwa kuiangamiza miji. Uwanja wa Eastleigh ndio ulioweza kuibeba. Mabomu yake ya ratili 1,000 yalikuwa na kilo zipatazo 450, yaani mara 50 ya bomu la Harvard. Vampire za jeti nazo zilikuja kutoka Aden mwaka 1954.

Vikosi vilipokezana, kimoja kikiondoka kingine kikifika, hadi 1955. Wapiganaji waliuawa na wengine wakatawanyika, hilo ni kweli. Lakini mabomu mengi yaliangukia miti, na tembo na nyati walijeruhiwa pamoja na watu. Sijui ndege nyingine iliyowahi kubeba bomu zito zaidi kutoka Eastlands, wala iliyolitupa mahali ambapo shabaha ilikuwa ngumu zaidi kuonekana.

Mitaa nayo ilipata sehemu yake. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi yaliizunguka Nairobi na kuipekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa kwenye kambi za kizuizi, kama vile Manyani na Mackinnon Road. Mkazi wa mtaa wa Bahati aliyesikia Lincoln ikipita juu asubuhi alijua inakokwenda, na jioni alijua nani hayupo tena kitandani.

8. Njia ndefu zaidi ya kurukia: Embakasi

Eastleigh ilikuwa imezidiwa na mji ulikuwa ukiisogelea. Uwanja mpya ukajengwa uwandani Embakasi, ukafunguliwa tarehe 9 Machi 1958 na Gavana Evelyn Baring. Njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya mita 4,100, na ndiyo ndefu kuliko zote nchini.

Urefu huo si majivuno. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, bawa halishikwi vizuri, injini haipumui vya kutosha, na jua la saa nane huongeza tatizo. Ndege inayohitaji umbali fulani Mombasa huhitaji mwingi zaidi Nairobi. Ndege nzito ikitaka kwenda Ulaya imejaa mafuta, lazima ikimbie sana kabla ya kuinuka.

Na ni nani waliofanya kazi ya sulubu? Sehemu kubwa ilifanywa na wafungwa wa Hali ya Hatari, watu walewale waliokusanywa mitaani na vijijini. Walivunja mawe kwa nyundo chini ya mtutu wa bunduki. Kila Mkenya anayekwenda Dubai kutafuta kazi, kila mwanariadha anayerudi na medali, hupita mahali pa jasho lao. Kwa miaka mingi jasho hilo halikuwa na kibao.

9. Safari ya mbali zaidi ya dharura: Eastleigh hadi Kuwait, 1961

Kuwait ilipata uhuru tarehe 19 Juni 1961. Siku sita baadaye kiongozi wa Iraq, Abdul Karim Qasim, alidai nchi hiyo ni yake. Waingereza walikuwa wameahidi kuilinda, na ndege za kivita zilizokuwa karibu hazikutosha. Wakaviita vikosi vya ndege za Hunter: kikosi cha 8 kutoka Aden na kikosi cha 208 kutoka Eastleigh.

Kwa mstari ulionyooka ni kilomita zipatazo 3,600. Hunter za Eastleigh zilienda Bahrain, kisha tarehe 1 Julai zikaingia Kuwait, ambako joto na vumbi viliwashika marubani waliozoea baridi ya Julai ya Nairobi. Iraq haikuvuka mpaka. Kwa hiyo rekodi hii ni ya mara mbili: safari ya mbali zaidi ya ndege za kivita za Eastlands kwa dharura, na pengine yenye mafanikio makubwa zaidi, kwa kuwa hazikuhitaji kupiga risasi. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Kuwait leo, jueni kwamba kabla yenu ilitangulia ndege kutoka Section Three ya Eastleigh.

10. Dakika 90 ghali zaidi: Embakasi na Entebbe, 1976

Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976 makomando wa Israel walitua Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France. Walikuwa ardhini kwa dakika 90 hivi. Kabla ya kuondoka waliziharibu ndege za MiG za Idi Amin zikiwa zimeegeshwa, ili zisiwafuate.

Tatizo lilikuwa mafuta. Kutoka Israel hadi Entebbe ni safari ya takriban kilomita 4,000, na ndege zao za uchukuzi hazikuweza kwenda na kurudi. Zilitua Embakasi, zikajazwa mafuta, zikarudi kwao. Kwa saa chache tu usiku ule, uwanja uliovunjiwa mawe na wafungwa wa Mau Mau ulikuwa kituo cha mbele cha nchi nyingine.

Bei haikulipwa na Israel peke yake. Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kisasi katika siku zilizofuata. Kituo cha mbele cha mgeni huacha deni kwa mwenyeji, na deni hilo hukusanywa kwa asiyehusika.

11. Utawala mfupi zaidi: Eastleigh, 1 Agosti 1982

Ilikuwa Jumapili. Wanahewa wa vyeo vya chini, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, waliteka kambi za Eastleigh na Embakasi na kituo cha redio cha Voice of Kenya, wakatangaza serikali imepinduliwa. Nanyuki, marubani walilazimishwa kwa mtutu kuruka na mabomu kuja kuipiga Nairobi. Waliruka, lakini mabomu wakayaachia msituni Mlima Kenya. Ni tendo la ushujaa la ajabu: rubani kushinda vita kwa kukosa shabaha makusudi.

Wanajeshi watiifu, wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed, waliikomboa redio, na kwa saa chache tu mambo yakawa yamekwisha. Wananchi walimpa Ochuka umaarufu wa rais wa saa sita. Alitorokea Dar es Salaam kwa ndege ya Buffalo kutoka Eastleigh, akarudishwa, akahukumiwa, akanyongwa Kamiti mwezi Julai 1987 pamoja na mwenzake Pancras Oteyo Okumu. Tangu siku hiyo Kenya haijamnyonga mtu yeyote. Watu zaidi ya 100 walikufa katika ghasia zile, na Jeshi la Wanahewa likavunjwa na kuundwa upya. Lilipata jina lake la zamani mwaka 1994.

Ndege za kivita za Kenya leo ziko Laikipia. Eastleigh imebaki na uchukuzi na helikopta. Mtaa umekua hadi ukutani, na jeti ya kivita haitaki jirani anayekausha nguo kando ya njia.

12. Kilicholipa zaidi kwa kutohama: Manda, 2020

Kituo cha mbele kikikaa sana mahali pamoja huacha kuwa cha mbele, huwa shabaha. Tarehe 5 Januari 2020 kabla ya alfajiri wapiganaji wa al-Shabaab waliushambulia uwanja wa Manda, Lamu, unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani. Wamarekani watatu waliuawa, na ndege kadhaa zikateketea zikiwa ardhini. Wenye silaha bora kuliko zote duniani walipigwa na watu waliotoka vichakani kwa miguu.

Wazee wa Mafia wangeelewa. Ndege ikiwa juu ni tai. Ikiwa chini ni kuku, na kuku hulindwa na mwenye boma na majirani zake.

13. Mitaa iliyobeba majina mengi zaidi ya vita: Eastlands

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote. Kariokor ni vita vya kwanza vya dunia. Soko la Burma, Barabara ya Jogoo, ni vita vya pili, jina lililotoka huko mashariki ambako askari wetu walipelekwa kupigana na Wajapani. Mbotela na Ofafa ni majina ya viongozi waliouawa katika Hali ya Hatari, Tom Mbotela mwaka 1952 na Ambrose Ofafa mwaka 1953. Biafra, karibu na Eastleigh, ilichukua jina lake kutoka kwenye vita vya Nigeria. Kosovo, ndani ya Mathare, ilichukua lake kutoka Ulaya. Mtu anaweza kutoka vita vya 1914 hadi vya 1999 kwa nauli ya matatu mbili, bila kutoka Eastlands.

Majenerali huandika majina yao kwenye kambi. Watu wa mitaa wameandika majina ya vita mahali wanapolala, na kwa maoni yangu wao ndio waliohifadhi historia vizuri zaidi. Kambi ya Eastleigh imebadilishwa jina mara tatu. Kariokor haijabadilishwa hata mara moja.

Nikipewa nafasi ya kutoa tuzo moja tu katika orodha hii, sitampa rubani. Nitawapa waliofyeka uwanja wa Mafia, waliobeba mizigo hadi Mbuyuni, waliomimina madebe ya mafuta na waliovunja mawe Embakasi. Bila wao hakuna uwanja uliosogea hata hatua moja.

Nawe msomaji, siku ukiwa mjini, pitia Kenyatta Avenue uzitazame zile sanamu tatu za shaba za mwaka 1928. Mmoja wa watu wale watatu hana bunduki. Yeye ni mpagazi. Mtazame vizuri usoni, kisha upande matatu urudi Kariokor.